Bei ya Pipa Si Bei ya Gari: Miaka Ishirini na Minne ya Bi Thuwaiba Kamaludin

Nilisema tangu mwanzo kwamba kurasa mbili hazitatosha. Lakini meneja wetu, Bwana Jaafar, ameshikilia kuwa kijitabu cha sherehe ni kidogo na biriani ni nyingi, kwa hiyo na tuanze na yale yasiyo na ubishi. Bi Thuwaiba Kamaludin aliingia kazini katika kituo cha kuosha magari cha Jeti Safi, hapa Mokowe, mwezi wa Machi mwaka 2001, na anastaafu leo, Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025. Hiyo ni miaka ishirini na minne na miezi minane. Kwa muda wote huo amevuka kutoka kisiwa cha Amu kwa boti ya saa moja kasorobo asubuhi, na siku alizochelewa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na bado kidole gumba kinabaki bila kazi.

Kwa mgeni anayemwona leo kwa mara ya kwanza, ni yule mama aliyekaa mbele karibu na feni, mwenye buibui jipya na uso wa mtu anayetaka hotuba ziishe. Cheo chake ni mtunza stoo. Kazi yake hasa ni kuchagua dawa. Gari likishaoshwa kwa sabuni, hubaki mambo mawili. Kuna dawa ya kukausha, inayotiwa kwenye maji ya mwisho ili maji yateremke yenyewe na yasigande juu ya bodi. Kuna na nta ya kupulizia, inayofunika rangi isiliwe na chumvi. Hapa jetini mambo hayo mawili ndiyo uhai wetu. Kila mwenye gari anayekwenda Amu huliacha huku, nalo hukaa siku tatu, siku nne, upande mmoja likipigwa na upepo wa bahari na upande wa pili likipokea vumbi la barabara ya kwenda mji wa Hindi. Mwenyewe akirudi, anataka alikute kama alivyoliacha. Akilikuta kinyume, hatumwoni tena.

Bi Thuwaiba hakuajiriwa kuchagua dawa. Marehemu Bwana Mahmud, aliyekifungua kituo hiki na ambaye ni baba yake Bwana Jaafar, alimwajiri kufua vitambaa vya kukaushia magari. Kabla ya hapo alikuwa akifua mashuka katika nyumba moja ya wageni kule Shela, akaja na ujuzi wake wote pamoja na chetezo. Kwake yeye, kitambaa kilichofuliwa kisha hakikufukizwa udi ni kazi iliyoachwa nusu. Basi akavifukiza. Mwezi ule magari ya Mokowe yakawa yananukia kama chumba cha bi harusi.

Mteja wetu mmoja alikuwa dereva wa lori la samaki. Miaka yote mke wake alimpokea akinuka nguru na barafu, na alikuwa amezoea. Siku hiyo akarudi nyumbani Hindi akinukia udi wa mawardi. Mke hakupiga kelele. Alimwandalia chakula, akakaa mbele yake, kisha akamuuliza kwa upole, “Jina lake nani?” Kesho yake asubuhi lori lilifika hapa na watu wawili mbele, na yule bibi hakukubali kushuka hadi alipoonyeshwa chetezo, makaa, na vitambaa vilivyotandazwa juu ya tenga. Alipoondoka alikuwa na kipande cha udi kwenye mfuko, na mumewe alikuwa na ndoa yake. Wanaosimulia wanasema Bwana Mahmud alicheka hadi akajifuta machozi kwa vitambaa vilevile.

Sasa alitokaje kwenye beseni akafika stoo? Alitoka kwa sababu ya beseni lenyewe. Wengine hujua dawa kwa kusoma maandishi ya kwenye chupa. Bi Thuwaiba aliijua kwa kufua. Mwaka 2004 Bwana Mahmud alinunua nta iliyosifiwa sana, akawa anaitangaza kwa kila mteja. Bi Thuwaiba alivumilia wiki mbili, kisha akamwita nyuma ya nyumba, akamwonyesha maji meupe yanayoteleza, akamwambia, “Bwana, nta yako yote iko kwenye beseni langu. Kwenye gari haikubaki hata ya kupaka sikio.” Mwisho wa mwezi ule alipewa ufunguo wa stoo.

Tangu siku hiyo hapana dawa iliyoingia hapa bila kupita kwenye boneti. Wafanyakazi wote wanalijua: ni boneti la Land Rover kuukuu, rangi ya kijani, limetundikwa nyuma ya stoo likikabili bahari. Bi Thuwaiba aliligawa vyumba kwa utepe, na kila dawa ikapewa chumba chake. Inapakwa, inaachwa siku arubaini, ipigwe na jua, upepo na kinyesi cha kunguru. Ikitoka salama, inanunuliwa. Wauzaji waliotoka mbali hawakuupenda utaratibu huu. Mmoja alimlalamikia kuwa basi lake linaondoka saa saba mchana, si baada ya siku arubaini. Bi Thuwaiba alimjibu kuwa asilichelewe basi lake, na dawa yake asiisahau.

Hapo ndipo ulipozaliwa ule msemo wake ambao sisi sote tunaukariri, hata Bwana Jaafar anapojifanya ni wake: bei ya pipa si bei ya gari. Pipa linaweza kuwa rahisi, lakini kama kila gari linakunywa vikombe vitatu, wewe umenunua ghali. Pipa jingine linatisha kwa bei, lakini kifuniko kimoja kinatosha ndoo nzima. Bi Thuwaiba alikuwa akiuliza mambo matatu tu: gari moja linatumia kiasi gani, dawa inakaa siku ngapi, na kitambaa kinarudi kwangu na nini. Nimemaliza kidato cha nne na nimefundishwa hesabu na walimu wanne, na hakuna aliyenieleza bei kwa uzuri huo.

Msomaji ataniwia radhi nikisema sasa jambo linalonihusu na mimi, kwa sababu siwezi kusimulia fahari ya Bi Thuwaiba nikaruka jambo lake kubwa kuliko yote. Na jambo hilo lilianza kwa yeye kukosea.

Mwaka jana mwezi wa Septemba, Bwana Jaafar alikuja na pipa la buluu la dawa ya kukausha. Bei yake ilikuwa nusu ya pipa jeupe tulilokuwa tukitumia, na furaha yake ilikuwa mara mbili. Bi Thuwaiba alilipeleka kwenye boneti. Baada ya arubaini, chumba cha pipa la buluu kilikuwa na madoa meupe mengi, na cha pipa jeupe kilikuwa na machache. Akatoa hukumu, pipa la buluu likasukumwa pembeni ya stoo, na kila Bwana Jaafar alipopita pale alilipigapiga kama mtu anayempa pole mgonjwa.

Mwezi wa Mei mwaka huu akaja Bi Nyaguthii. Huyu ni meneja wa kampuni ya kukodisha magari yanayowachukua wageni na maofisa kutoka hapa jetini hadi Hindi, Mpeketoni na Witu. Alikuwa na magari saba na masharti mafupi: tuyaoshe siku thelathini kwa majaribio. Akiridhika, atatupa kazi ya miaka miwili. Tukiharibu, kuna mwingine anangoja. Bwana Jaafar alituita sote tisa akatueleza bila kuficha. Kazi ilikuwa imepungua. Tusipopata magari yale, wanne wataondoka, na watakaoondoka ni walioajiriwa mwisho. Wa mwisho kabisa alikuwa Hussam wa Pate.

Sasa ni mume wangu. Naliandika neno hilo na kalamu yenyewe inaona haya. Leo ni wiki ya saba, na bado nikisikia hodi jioni moyo unatangulia mlangoni kabla yangu. Lakini Mei ile alikuwa kijana wa kukausha magari, aliyeniletea risiti mapokezi moja moja wakati angeweza kuzileta zote pamoja. Siku ya Ijumaa ya wiki ya pili wazee wake walikuwa waje nyumbani kwetu Amu kuposa. Baba yangu, Bwana Husni, si mtu wa makuu. Alikuwa na swali moja tu: kazi ya kijana ina mizizi, au ni ya kupepea?

Katika yale magari saba, manne yalikuwa meusi. Wateja wetu wengi wana magari meupe au ya rangi ya vumbi, na gari jeupe lina sitara. Jeusi halina. Mwisho wa wiki ya kwanza Bi Nyaguthii alikuja, akavua miwani, akalizunguka la kwanza. Mwili mzima ulikuwa na vidoa vyeupe, duara juu ya duara. Akauliza, “Hii gari mmeiosha, ama imeota choa?”

Bwana Jaafar alimgeukia Bi Thuwaiba. Na Bi Thuwaiba, ambaye dawa yake ilikuwa imepimwa siku arubaini na haijawahi kumwaibisha, alisema mbele ya watu wote kwamba kosa ni la mikono. Akasema kwa Kiamu chake, “Viyana hawa wakausha gari kama wapapasao paka.” Vijana walicheka kwa woga. Kisha akamwonyesha Hussam kwa kidole, maana magari meusi yalikuwa yake. Huyu ni kijana aliyekuwa akikausha hadi vifundo vya vidole vimepasuka, na asubuhi ile alikuwa amevifunga plasta ili wazee wake wasivione siku ya posa. Mimi niliviona. Nilirudi mapokezi nikapanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa.

Ijumaa wageni wakaja. Bi Thuwaiba na mama yangu, Bi Umulkheir, ni watu wa tangu madrasa, kwa hiyo alikuwa jikoni kwetu tangu alasiri, na kazi aliyojipa ni kusuuza bilauri za sharbati. Kwetu Amu, mgeni wa heshima hatiliwi kinywaji ndani ya bilauri iliyosuuzwa kwa maji ya kisima, yenye chumvichumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye birika la nyumba, lile tangi la mawe, ni ya kunywa, ya mtoto mchanga, na ya siku kama ile. Akazisuuza, akazipindua juu ya sinia, akasahau kuzifuta kwa sababu wazee walikuwa wamefika mapema. Alipozirudia zilikuwa zimekauka zenyewe, hazina hata alama moja.

Alichukua moja akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaiweka. Akachukua ya pili. Mama yangu alimwambia, “Thuwaiba, wageni wana kiu. Bilauri utaziposa wewe?” Hakucheka. Aliniangalia mimi, nikiwa na hina na roho juu, kwa jicho ambalo sikulielewa, kisha akaendelea kutia sharbati. Ukumbini baba aliuliza swali lake. Wazee wa Pate walijibu kwamba kijana ana kazi, ila mwezi huu iko majaribuni. Baba akasema vizuri, basi jibu letu na lingoje mwezi uishe. Nikalala nikiomba dua kwa ajili ya magari meusi. Sidhani kama kuna msichana mwingine Amu aliyewahi kuyaombea.

Asubuhi ya Jumamosi Bi Thuwaiba alipanda boti na madumu mawili ya lita ishirini ishirini, aliyoyajaza kwenye birika la nyumba yake mtaa wa Langoni. Nahodha Dawud hawezi kuona jambo kama hilo akanyamaza. Alimpigia kelele mbele ya abiria wote, “Bi Thuwaiba, watu huyavusha maji kwenda Amu, wewe wayarudisha Mokowe? Au pamefunguliwa Zamzam huku nasi hatuna habari?” Akamjibu, “Wewe endesha. Likimwaika tone moya, leo nauli huioni.”

Nataka wasiotoka visiwani waelewe uzito wa madumu yale. Mwanamke aliyelelewa Amu kumwagia gari maji ya mvua ni kama kumtandikia punda zulia la ukumbini. Kwa miaka ishirini na minne wazo hilo halikumpitia kichwani, si kwa ujinga, bali kwa adabu. Aliliona ni israfu. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule alijiuliza jambo moja tu: maji ya heshima yana heshima gani ikiwa yamekaa birikani na kijana wa watu anafukuzwa kwa kosa lisilo lake?

Alilitaka gari jeusi la Bi Nyaguthii, akaliweka kivulini, akagawa paa lake vyumba vinne kwa utepe. Kimoja maji ya kisima tunayooshea magari kila siku na pipa jeupe, kimoja maji ya kisima na pipa la buluu. Kimoja maji ya mvua na pipa jeupe, kimoja maji ya mvua na pipa la buluu. Tukasimama wote tisa kulitazama paa la gari likikauka, na naapa sijawahi kuona jambo la taratibu vile likishika watu pumzi. Vyumba vya maji ya kisima vikaota choa, vyote viwili. Vyumba vya maji ya mvua vikabaki vyeusi ti, navyo vyote viwili. Baina ya pipa jeupe na pipa la buluu hapakuwa na tofauti hata ya ukucha.

Hapo angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kisima kimebadilika, au boneti limezeeka. Bwana Jaafar alikuwa tayari ameanza kumtafutia udhuru. Yeye aliutoa utepe, akaukunja vizuri akautia mfukoni, akamwita Hussam aje mbele. Akasema, “Hussam mwanangu, nalikusingizia. Mikono yako haina kosa. Kosa ni la mai, na la mimi nisoyaonja.” Kisha akamgeukia Bwana Jaafar akamwambia kwamba pipa lake la buluu nalo lilionewa miezi saba, maana chumba chake kwenye boneti kilikuwa cha chini, na maji ya kisima ya vyumba vya juu yaliteremka yakakaukia humo. Bwana Jaafar alijaa kifua, akauliza kwa hiyo yeye alikuwa sahihi tangu mwanzo? Bi Thuwaiba akamwambia, “Pipa lilikuwa sahihi. Wewe ulibahatisha.”

Hussam akasema ahsante, akamchukulia madumu matupu hadi stoo. Wazee wangapi mnaowajua ambao wangesema maneno yale mbele ya vijana na meneja? Mimi nilimpenda Hussam siku nyingi kabla, lakini nilijifunza siku ile ni nani ningependa kufanana naye nikizeeka.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa, na arubaini haziwezi kutiwa ndani ya kumi na tisa. Kwa mara ya kwanza Bi Thuwaiba aliivunja kanuni yake. Akapanga kazi upya: kuosha na kusuuza ni kwa maji ya kisima kama zamani, na sabuni yote itoke, kwa maana dawa ya kukausha ikikutana na sabuni inaganda kama maziwa yaliyoharibika. Maji ya mwisho ni ya mvua, lita nne tu kwa gari, na ndani yake kifuniko kimoja cha pipa la buluu. Si israfu tena, alisema, ni kipimo. Kila asubuhi madumu yalivuka, na nahodha Dawud, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameshajua sababu, alianza kuyabeba mwenyewe kutoka gatini na kutangaza kwa abiria kwamba hayo ni mahari.

Kwenye nta akakataa katakata. Bwana Jaafar, akiwa bado na kifua cha ushindi, alitaka tununue na nta ya bei rahisi. Bi Thuwaiba alimpeleka kwenye boneti, ambako nta zote mbili zilikuwa zimeshapimwa zamani. Nta rahisi ilikuwa imedumu siku tisa kwenye upepo wa bahari, na ile ghali ilikuwa bado inayakusanya matone siku ya arubaini. Kupaka mara nne au tano ni mikono, ni vitambaa, ni muda, na kila ukipaka juu ya chumvi ambayo haikutoka umeifungia chumvi ndani ya nyumba. Kwa hiyo dawa ya kukausha tukachukua ya rahisi, nta tukachukua ya ghali, na kwa gari moja gharama ikashuka chini ya ilivyokuwa. Ni jambo dogo, na ndilo linalotuweka mjini hadi leo.

Siku ya thelathini Bi Nyaguthii alikuja bila taarifa. Gari alilolichagua lilikuwa limesimama jetini siku nne. Aliliendea kama anayekwenda kumfumania mtu. Akapitisha kidole juu ya boneti, akakitazama kidole. Akainama kwenye kioo, akainama kwenye mlango. Halafu akasogeza uso karibu na rangi nyeusi, akashika nywele zake juu ya sikio akasema, “Hee! Kumbe nina mvi? Na nyinyi wote mnaniona kila siku mnaninyamazia!” Kituo kizima kililipuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko kile akaomba kalamu.

Wale wanne waliokuwa waondoke wakabaki kazini. Baba yangu akapelekewa habari kabla ya adhuhuri, na nasikia aliyeipeleka ni nahodha Dawud, hata kabla hajafunga kamba ya boti. Tangu Juni, paa la ofisi hii lina mifereji ya kukingia mvua na tangi la lita elfu tano. Madumu yamerudi Langoni kupumzika. Kampuni ya Bi Nyaguthii imeongeza magari matatu. Na mwezi wa Septemba, siku ya harusi yetu, Bi Thuwaiba alisimama jikoni kwetu akisuuza bilauri mia mbili, akamkataza kila mtu kuzigusa kwa kitambaa.

Nimesahau mengi na kurasa zinaisha. Sijaandika jinsi alivyowafundisha vijana kunawa mikono na kujipaka mafuta ya nazi kabla ya kwenda nyumbani, ili wake zao wasipokee mikono ya msasa. Namshukuru kwa hilo binafsi. Sijaandika jinsi anavyoweza kunusa pipa lililochanganywa maji akiwa mlangoni, wala jinsi alivyomfukuza kunguru aliyekuwa adui wa boneti kwa miaka sita. Sasa ataamka anapotaka baada ya alfajiri, atakuwa akienda Pate kukaa siku mbili tatu na binti yake Ghada na wajukuu, na atakunywa chai ambayo haina harufu ya sabuni. Anastahili kila tone.

Bi Thuwaiba, shukrani zetu hazina kipimo cha kifuniko. Umetufundisha kuchagua kwa subira, kununua kwa akili, na kukiri kosa mchana kweupe mbele ya watu. Mwenyezi Mungu akupe afya, akujaalie raha nyumbani kwako, na miaka iliyobaki ikuteremkie laini bila kuacha doa.

Leo ufunguo wa stoo umeukabidhi kwa Hussam, na wiki ijayo wauzaji wawili wanaleta dawa mpya. Umeshamwambia kuwa usiulizwe, simu utaizima, na kwamba mikono yake inatosha. Amekosa usingizi siku tatu kwa neno hilo, na mimi nimekosa naye. Hatutakuuliza. Lakini siku arubaini zikitimia tutavuka, mimi na yeye, tupige hodi Langoni, tukueleze ni ipi aliyoichagua na kwa nini. Wewe utie chai tu, usikilize.

Raihana Husni
Mapokezi, Jeti Safi